Ukimwangusha, Usimpe Pole

Watu wa Shinyanga wakiniuliza nafundisha nini jioni kule Ibadakuli, nikisema judo wananijibu, "Aa, karate." Zamani nilikuwa nabisha. Nilisimama barabarani na mfuko wangu wa mboga nikieleza kwamba karate ni kupiga, judo ni kumshika mtu, kumwangusha na kumbana chini. Yule aliyeuliza ananisikiliza kwa heshima zote, halafu anamgeukia mwenzake: "Huyu ndiye mwalimu wa karate." Siku hizi naitikia tu. Mwanamke wa umri wangu hawezi kugombana na mji mzima.

Tunafanyia mazoezi kwenye ghala lililokuwa la pamba. Nchi nyingine wanaangukia mikeka iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi tunaangukia magunia ya pumba za mpunga yaliyoshonwa pamoja, juu yake tumevuta turubai la lori. Tatizo la pumba ni kwamba zinahama. Unayapanga magunia vizuri, baada ya siku chache katikati pamebaki sakafu tupu, na mtoto akitua pale mgongo unalia mpaka mimi mwenyewe nafumba macho.

Kwa sababu hiyo ghala letu lina desturi ambayo hakuna aliyekaa akaitunga. Ukimwangusha mwenzako, unamwachia hapo hapo, unampa mkono ainuke, unamwambia pole. Yeye anasema "nimeshapoa", hata kama hajapoa, mnaendelea. Mtaalamu mmoja aliyekuja kutoka Dar es Salaam kutupima kwa ajili ya mikanda alicheka sana. Alisema hajawahi kuona watu wanaopigana kwa adabu namna hiyo. Nilimwambia huku kwetu mtu akijikwaa njiani anapewa pole na watu asiowajua, sembuse uliyemwangusha wewe mwenyewe. Akaandika alama zake, akaondoka. Nilijisikia vizuri siku ile, na sioni sababu ya kuficha.

Binti ninayemsimulia hapa alinijia akiwa kidato cha kwanza, mwanafunzi wa bweni, mwembamba, mkimya, anatoka Bugarama kwenye machimbo. Mama yake anapika chakula cha wachimbaji. Likizo binti alikuwa anamsaidia mjomba wake kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, akivuta kamba ya kupandishia mawe. Siku ya kwanza nilimwambia anishike kola ya koti nione. Alishika. Nilipojaribu kumtoa, koti lilitaka kubaki kwake na mimi nitoke bila koti. Nusu ya judo ni kushika, na mtoto huyu alikuwa amefika na nusu yake tayari.

Alipomaliza kidato cha nne hakuendelea na shule. Akarudi kwao akafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na siku za Ijumaa anapanda basi kupitia Kahama kuja kwangu kufanya mazoezi, Jumapili anarudi. Vumbi la karasha ni jeupe na jepesi. Alikuwa anakuja nalo kwenye nyusi. Mwaka jana akaanza kukohoa. Mama yake alinipigia simu akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, huyu mtoto mtoe kule. Mimi nimeshindwa." Sikujua nimtoe kwa njia gani. Nina filimbi, turubai na magunia ya pumba.

Njia ilikuwa moja tu. Chama cha taifa kilitangaza kwamba kijana atakayerudi na medali kutoka mashindano ya vijana ya Afrika ataingia kambi ya mwaka mzima, analala huko, anakula huko, anasoma ufundi asubuhi na kufanya mazoezi jioni. Na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho kuwa kijana. Kwenye judo umri unahesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Ukifika Januari unaingia kwa wakubwa hata kama umezaliwa mwezi wa kumi na mbili. Kwa wakubwa hakuna kambi ya aina hiyo. Kwa hiyo ilikuwa medali mwaka huu au karasha, na sisi watatu, mama, binti na mimi, tulilijua hilo bila kulisema.

Ngoja nieleze jinsi mchezo huu ulivyopangwa, maana usipojua utadhani ukiwa hodari inatosha. Chini kabisa ni klabu, ambayo ni mimi na magunia. Juu yangu ni chama cha mkoa, ambacho pia ni mimi, pamoja na wenzangu wawili tunaokutana wakinikumbuka. Juu ni chama cha taifa. Juu yake ni umoja wa bara, na juu kabisa ni shirikisho la dunia, ambako ndiko zinakotoka sheria zote: koti liwe refu kiasi gani, mkono wake uwe mpana kiasi gani, nani anavaa nyeupe na nani bluu. Wana chombo maalumu cha kupima hayo. Kuna hesabu za pointi pia. Anayesafiri sana ndiye anayekusanya pointi; mwenye pointi anapangwa mbali na wenye nguvu wenzake; asiyesafiri anatupwa popote kompyuta itakapoona inafaa. Nilipoelewa mpango huo vizuri, nilikasirika kwa wiki nzima, nikamfokea hata mume wangu ambaye hajui judo ni nini.

Binti alishinda mchujo wa taifa. Nafasi ya kocha ilikuwa moja, akapewa kocha wa taifa, kijana mwema, sina ugomvi naye. Alikwenda na vijana kadhaa wa mikoa mbalimbali. Mimi nikabaki. Mama wa binti akanipigia: "Njoo tuangalie wote. Mimi peke yangu sitaelewa nani anampiga nani." Nikamwambia hakuna anayempiga mtu. Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo, njoo."

Mgahawa wake ni wa mabati, una mabenchi na televisheni ambayo kazi yake ya kila siku ni mpira. Siku ile mchimbaji mmoja aliyetokea Geita aliunganisha simu yake na televisheni, maana mashindano yalikuwa yanaonyeshwa kwenye mtandao. Nilipofika wachimbaji walishajaa, wengine bado na tope la shimoni. Walinipisha kiti cha mbele. "Shikamoo mwalimu wa karate," akasema mmoja. Nikasema marahaba.

Kitu cha kwanza nilichogundua kilinimaliza nguvu. Binti alinitumia ujumbe kwamba ameshinda pambano la kwanza, na sisi kwenye televisheni tulikuwa bado tunamwona anaingia ulingoni. Picha ilikuwa inachelewa. Chochote tulichokuwa tunakipigia kelele kilikuwa kimeshatokea zamani. Niliwaeleza wachimbaji. Walinitazama kidogo, halafu wakaendelea kupiga kelele.

Basi tukaangalia ushindi ambao tayari tunao. Alishika, akaingia chini ya kwapa la mwenzake, akamzungusha. Yule akatua mgongo wote kwa nguvu, ambayo ndiyo ippon, ushindi kamili, pambano limekwisha hapo. Binti akamwachia, akampa mkono, na tukauona mdomo wake ukisema pole. Mgahawa wote ukacheka kwa furaha. "Huyo ni mtoto wa kwetu," mama akasema, akarudi jikoni kugeuza nyama. Kompyuta nayo ilituonea huruma siku hiyo, kwa sababu kundi lake la uzito lilikuwa na watu wachache. Ushindi huo mmoja ulimfikisha nusu fainali.

Kwenye judo kocha anakaa kwenye kiti pembeni ya ulingo. Watu hawajui kwamba haruhusiwi kusema neno pambano likiendelea. Anasema mwamuzi akisimamisha tu. Akisema wakati mwingine anafukuzwa. Nimewahi kukaa kwenye kiti hicho hapa nchini, nikauma leso. Lakini nusu fainali ilipoanza, kile kiti kilikuwa kitupu. Kulikuwa na ulingo mwingine upande wa pili, na mwenzake kwenye timu alikuwa ameitwa wakati ule ule. Kocha alikuwa mmoja. Sikuweza kumlaumu mtu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mpinzani alikuwa msichana mwenye mabega mapana, amevaa bluu, mmoja wa wale wanaosafiri. Alimvuta binti huku na kule. Binti alitulia. Nilimwona anatafuta kola kwa mkono wa kulia, na nikajua, kabla hajafanya, kwamba ataingia. Akaingia. Yule wa bluu akapaa, akaanguka.

Na hapo sote tukasema, "Pole!"

Nasema sote. Wachimbaji walisema, mama alisema kutoka mlangoni na mwiko mkononi, hata mimi mwenye mkanda mweusi nilisema, kwa sauti. Lilitutoka kwa pamoja, na kwenye televisheni tulimwona binti naye analisema, amelegeza mikono, anamwinamia mwenzake ampe mkono.

Lakini yule hakuwa ametua mgongo wote. Alitua kwa ubavu. Mwamuzi alikuwa amenyoosha mkono pembeni, si juu: waza-ari, nusu ya ushindi, pambano linaendelea. Yule wa bluu aliona mkono wa pole umenyooshwa kwake. Akaushika, akauvuta, akamgeuza binti chini, akamlalia kifuani.

Ukibanwa chini sekunde ishirini, umeshindwa. Saa ya pembeni ikaanza kuhesabu. "Geuka!" nikapiga kelele. "Ingiza goti! Goti!" Nilisimama, nikakaribia ile televisheni, nikaigonga kwa kiganja. Mchimbaji wa Geita akanishika bega taratibu, akaniambia, "Mwalimu, si umesema imeshatokea?" Nilitamani kumpiga. Binti alisukuma, alijikunja, miguu yake ikatafuta kitu cha kukanyagia, kisha ikatulia. Saa ikafika.

Mchimbaji wa Geita akaniachia bega. Mtu mmoja nyuma akauliza polepole, "Kwani alishinda au alishindwa?"

Mama akaja akakaa karibu yangu. Alikuwa anafuta mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na maji. "Nielezee," akasema. Nikamweleza kwamba alimwangusha vizuri lakini si vizuri kabisa, kwamba alipaswa kumfuata chini na kumbana, badala yake akamwachia ampe pole. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mtu akianguka asipewe pole?"

"Apewe mwishoni, mama. Pambano likiisha."

"Si ndiyo ameanguka?"

Nilijaribu tena kueleza. Nilisikia maneno yangu yalivyo membamba. Nikamwambia tu kwamba bado kuna nafasi: anayeshindwa nusu fainali anapigania medali ya shaba, na shaba nayo ni medali, kambi ile ile. Macho yake yakafunguka. "Basi mwambie," akasema. "Mpigie umwambie."

Simu ya binti ilikuwa imezimwa, maana wanazikabidhi kila wanapoitwa ulingoni. Nikampigia kocha wa taifa; haikupokelewa. Nikapiga tena. Mwishowe nikaamua kumtumia ujumbe wa sauti. Ningependa kusema nilitoka nje kuurekodi, lakini nje kulikuwa na makarasha yananguruma, kwa hiyo niliurekodi pale pale mbele ya mama yake na wachimbaji wote. Nikasema: "Kocha, mwambie huyu mtoto, ukimwangusha mtu usimpe pole. Umesikia? Akianguka, mlalie. Hata akilia, mlalie. Mwambie ni mimi nimesema."

Nilipomaliza, hakuna aliyenitazama usoni. Mama alikuwa anatazama simu. Baada ya muda ikaonyesha kwamba ujumbe umesikilizwa. Nikajisikia nimefanya kazi yangu, na wakati huo huo nikatamani ningeweza kuufuta. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Pambano la shaba lilichukua muda kuja. Mtandao ulikatika, wachimbaji wakachangishana bando, ukarudi. Safari hii kocha alikuwa kwenye kiti. Mpinzani alikuwa msichana mdogo wa umbo, nywele amezifunga kwa kitambaa, na kabla ya kuanza alikuwa anarukaruka papo hapo na kutazama juu kwenye viti vya watazamaji, nafikiri palikuwa na mtu wake. Waliinamiana. Wakaanza.

Binti hakuwa yule wa asubuhi. Alikuwa anashika kwa hasira. Alimvuta mwenzake mpaka ukingoni, mwamuzi akasimamisha, wakarudi katikati. Wakati huo ndipo kocha aliposema kitu, na binti akaitikia kwa kichwa bila kumtazama. Wakaanza tena. Akaingia chini ya kwapa, akamzungusha.

Yule mdogo alifanya kosa ambalo mimi nimelipigia kelele miaka yote: alitanguliza mkono kuzuia kuanguka. Mkono ukakunjika vibaya chini yake. Hata kwenye televisheni ile yenye chenga tuliona kiwiko kimepinda upande usio wake. Nilisubiri tuseme. Hakuna aliyesema. Mgahawa wote ulikuwa umefunga mdomo, kwa sababu wote walikuwa wamenisikia.

Waza-ari. Na binti akamlalia.

Kwa kuwa tayari alikuwa na nusu ya ushindi, alihitaji kumbana nusu ya ule muda aliobanwa yeye. Yule mdogo hakupiga kelele. Angepiga kelele ingehesabiwa amekubali kushindwa, kwa hiyo aliuma midomo, machozi yanashuka kwenye masikio, na mkono ule mzima haukugonga mkeka kuomba aachiwe. Naye alitaka medali yake. Uso wa binti ulikuwa karibu kabisa na uso wa yule, shavu kwa shavu, na ulikuwa umefumba macho. Nilitaka kumwambia basi. Nilitaka kumwambia endelea. Sikuwa na njia ya kumwambia lolote, na hata ningekuwa nayo, lilikuwa limeshatokea.

Mwamuzi akainua mkono. Mgahawa ukalipuka. Mabenchi yalipinduka, mtu akamwaga chai, mchimbaji wa Geita alinibeba juu juu na tope lake lote. Wengine walikuwa wameanza kuimba Kisukuma na kukanyaga chini kwa pamoja mpaka mabati yakatikisika. Mimi nikachungulia juu ya mabega yao. Binti alikuwa amesimama mahali pake, mikono ubavuni, anasubiri kuinama. Madaktari walikuwa wanapita mbele yake na machela. Hakusogea. Aliinama, akageuka, akatoka.

Simu ya mama iliita baada ya muda kidogo. Akaiweka sauti kubwa, akaenda nayo jikoni, nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu."

"Nimepata, mama. Nimepata shaba. Kocha amesema kambi nimepata."

"Tumeona. Mungu ni mwema." Mama alikuwa analia, machozi ya kweli kabisa, anajipangusa kwa kiganja. Kisha akauliza, "Na mwenzako, yule msichana? Mkono wake?"

Nyuma yake tulisikia kipaza sauti kinaita majina ya watu wengine.

"Sijui, mama."

"Hukwenda kumpa pole?"

"Mwalimu alisema nisimpe."

Mama aligeuka. Alinitazama, hakuwa na hasira hata kidogo, akanikabidhi simu. Nikaipokea, nikaitoa sauti kubwa, nikaiweka sikioni.

"Mwalimu, shikamoo," binti akasema. "Pambano si limeisha? Sasa naruhusiwa kwenda?"

"Nenda," nikamwambia. "Nenda sasa hivi, kimbia."

Hakukata simu. Nilisikia kandambili zake zikipiga sakafu, anapita kwenye watu, anauliza kwa Kiswahili, kisha kwa kile Kiingereza chake cha shule, mtu anamjibu kwa Kifaransa. Mlango ukafunguliwa. Upepo. Alikuwa anahema nilipomsikia tena.

"Wameshamchukua, mwalimu. Gari limeondoka."

Nilibaki na ile simu sikioni. Wachimbaji walikuwa wameingia mpaka jikoni, wananipigapiga mgongoni na kunipongeza, na mimi nikaziba sikio la pili nimsikie anavyohema.